Mungu Alivyonifungua Tukipiga Alizeti

Wapendwa katika Bwana, sifa zimrudie Mungu wetu asubuhi hii! Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mtoke mapema, nimewaona, mambo vipi.

Kwa wasionifahamu, naitwa Anjela, binti wa Mama Samweli wa hapahapa Mkiwa, nyumba ile iliyo nyuma ya mashine ya kukamua alizeti. Kazi yangu ni kucheza mpira wa magongo kule Dar es Salaam. Najua wengine mmekuwa mkimwuliza mama yangu huyu binti anafanya nini huko, naye anajibu, "Yuko ofisini," ili yaishe. Mama, nisamehe, siko ofisini. Nakimbia uwanjani na gongo mkononi kuanzia asubuhi, jua linanichoma, na ndiyo kazi ninayolipwa. Naipenda, na naijua vizuri. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli, na aliyenipa hiyo miguu ni Mungu.

Sasa msimu umeisha, tuko mapumzikoni, ndiyo maana mmeniona shambani tangu Juni. Ukiwa kwenye mashindano huna muda wa kufikiri. Unakula, unakimbia, unalala. Ni kwenye mapumziko ndipo mambo yote uliyoyakimbia yanakukuta umekaa. Ndugu zangu, mimi yalinikuta.

Ngoja niwaeleze kidogo huo mchezo, maana bila hivyo hamtaelewa Mungu amenitoa wapi. Mpira wetu ni mdogo, unaenea kiganjani, na ni mgumu kama jiwe. Kuna adhabu inaitwa kona fupi. Wapinzani wanajipanga mbele ya goli lenu, wanasukumiwa mpira, na mmoja wao anaupiga kwa nguvu zake zote. Ninyi mnaolinda mnasimama kwenye mstari wa goli, na mpira ukisukumwa tu, mmoja wenu lazima atoke mbio kwenda kumkabili yule anayepiga, aufikie kabla haujapigwa au auzuie kwa gongo na mwili. Kwenye timu yetu huyo mtu ni mimi. Watu huuliza kama siogopi. Kwa miaka yangu yote ya mwanzo jibu lilikuwa hapana, siogopi, na nilikuwa nasema kweli.

Kwenye timu nina rafiki anaitwa Rukia, mtoto wa Tanga. Huyo ndiye mpigaji wetu. Nikisema mpigaji, namaanisha mtu akiinua gongo hata kipa wetu anamwomba Mungu wake. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, ananisuka nywele, mimi namfulia anapokuwa amechoka. Mwezi wa Ramadhani akifunga, mimi nami nilikuwa sili mbele yake, na jioni tunafuturu wote kama vile na mimi nimefunga. Watu mnadhani timu ni jezi. Timu ni watu ambao hukuwachagua, mmetoka kwenye makabila yenu na dini zenu, halafu mwalimu anakwambia, huyu ndiye atakayekulinda mgongo. Na anakulinda kweli. Mimi wachezaji wenzangu nawapenda, na nikianza kuwasifia hapa mchungaji atanikalisha chini kabla sijafika popote.

Basi siku moja mazoezini tulikuwa tunafanya hizo kona fupi. Rukia akapiga, mpira ukagusa gongo la mtu, ukapanda, ukanipata mdomoni. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nimelala, mdomo umejaa damu, na Rukia amepiga magoti analia kuliko mimi niliyeumia. Halikuwa kosa la mtu, na mimi nilijua hivyo tangu dakika ile. Nikashonwa, nikawekewa meno mawili ya mbele, haya mnayoyaona mazuri kuliko yale ya zamani. Baada ya muda nikarudi uwanjani.

Ndugu zangu, mdomo ulipona, lakini macho hayakupona. Ninatoka mbio kama zamani, miguu inakwenda, lakini yule mtu akiinua gongo tu, macho yanajifumba yenyewe na bega linageuka. Nayakemea, hayasikii. Na mbaya zaidi ni Rukia. Hata akiinua mkono kuchana nywele nilikuwa nashtuka. Nikahama chumba. Nikasema feni ya kile chumba inanisumbua kifua. Akaacha kuniuliza, akawa ananisalimia kama mtu wa ofisi ya jirani.

Niliomba! Mungu ni shahidi wangu, niliomba. Nilifunga, nilikwenda kwenye maombi ya katikati ya wiki, nikapakwa mafuta. Mama mmoja wa maombi akaniambia hiyo ni roho ya hofu kutoka ukoo wa baba yangu. Nikamwambia mama, baba yangu alikuwa akifukuza fisi kwa tochi iliyokufa betri, hiyo roho ya hofu kaipata wapi? Nikitoka kwenye maombi najisikia mwepesi. Nikifika uwanjani, gongo likiinuka, macho yanafumba.

Mechi ya mwisho ya msimu wapinzani wakapewa kona fupi dakika za mwishoni, tukiwa sare. Nikatoka mbio. Nikafumba macho. Mpira ukapita karibu na goti langu, nilisikia upepo wake, ukaingia golini. Hakuna aliyenilaumu. Nahodha wetu akanishika kichwa akasema, "Umekimbia vizuri, dada." Hilo neno liliniuma kuliko kama ningetukanwa. Nikapanda basi la kuja nyumbani nikiwa nimeshaamua moyoni kwamba sirudi. Mwalimu akanipigia simu kuuliza kama nitakuwepo msimu unaoanza, nikamwambia nitamjibu. Nilikuwa natafuta tu namna ya kulisema.

Mama alipoona nimekaa kimya siku nyingi, yeye akafurahi. Alidhani nimechoka na magongo, nataka kuolewa. Na mama yangu akishadhani jambo, limekuwa.

Sasa sikieni Mungu anavyofanya kazi na mambo yetu haya. Siku moja asubuhi basi likasimama njia panda, wakashuka watu wawili, mzee amevaa kanzu na kofia safi, na mwanamke amejifunga mtandio, wamebeba mfuko wenye kitenge kipya kinachochungulia. Wakauliza kwa Mama Samweli ni wapi. Habari zikamfikia mama kabla wageni hawajafika uani. Mzee wa watu, mwanamke wa kumsindikiza, kitenge kipya, wanaulizia nyumba yenye binti. Kwa mama hapo hapakuwa na la kufikiri tena, ni washenga. Akamtuma mtu kwa baba mdogo. Baba mdogo akaja na kaka zake. Shangazi Ruthi akaja bila kuitwa. Mimi nilikuwa kisimani, narudi na ndoo kichwani, nakuta uani viti vimepangwa kama siku ya kikao, jogoo ameshakamatwa kumbe wanasubiri mgeni ndiye achinje, na mama ananivuta mkono kwa nguvu.

"Nenda ukaoge," ananinong'oneza. "Ni Waislamu, lakini wamekuja kwa heshima. Tutaongea mbele ya safari."

Nikachungulia. Alikuwa Rukia, na yule mzee ni mjomba wake.

Ndoo ikaniyumba, maji yakanimwagikia begani. Lakini nilikuwa nimeshaonekana, nikaenda, nikaketi mkekani. Baba mdogo akakohoa, akawakaribisha, akasema ukoo uko tayari kusikiliza. Mjomba wa Rukia akasimama. Watu wa Tanga mnawajua, maneno yao yananyooshwa taratibu. Akasema, "Wazee wangu, sisi tumekuja na unyenyekevu. Mtoto wetu alimwaga damu ya mtoto wenu. Hakukusudia, lakini damu ilimwagika, na hajawahi kufika nyumbani kwao kusema pole. Kwetu sisi huo si uungwana. Mama yake hapati usingizi. Tumekuja kuomba radhi."

Mama akanitazama, akamtazama jogoo. Shangazi Ruthi hakuweza kujizuia, akauliza, "Kwa hiyo bwana harusi hayupo kabisa?" Wakacheka mpaka mjomba mwenyewe akakaa chini. Walipomweleza kilichodhaniwa, akajifuta machozi ya kicheko kwa mkono wa kanzu. Radhi ikapokelewa, jogoo akachinjwa na mjomba, tukala. Lakini mimi na Rukia hatukutazamana usoni. Nilisema "nimekusamehe" kwa mdomo, na lilikuwa kweli, maana sikuwahi kuwa na kinyongo. Ila nilikaa mbali na mkono wake wa kulia. Ndugu zangu, unaweza kumsamehe mtu kabisa na bado mwili wako ukamkataa.

Mjomba akarudi Tanga kesho yake. Rukia akamwomba mama akae siku chache atusaidie kazi, na kazi ilikuwepo. Alizeti ilikuwa imekauka, imejazana uani. Rukia hakuwahi kuiona inavyopigwa, nikamweleza. Tunatandaza turubai, tunamwaga vichwa vya alizeti katikati, tunasimama pande mbili tukitazamana, kila mtu na fimbo. Upande huu unashusha, upande ule unainua. Fimbo ya mwenzako inashuka karibu na miguu yako, na yako karibu na miguu yake. Hakuna anayekwepa, maana mmoja akikwepa mpangilio unavurugika na mtu anaumia. Hii kazi tumeikuta kwa bibi zetu na hakuna anayeiona ya ajabu.

Nikajikuta nimesimama uso kwa uso na Rukia. Nikashika fimbo kwa mikono yote miwili, jasho linanitoka na ile baridi yote ya asubuhi. Tukaanza. Akiinua, nafumba macho. Lakini sikusikia kishindo. Nikafungua jicho moja. Rukia, yule ambaye kipa anamwogopa, alikuwa anaweka fimbo juu ya alizeti polepole, hata punje hazitoki.

Shangazi Ruthi akasema, "Jamani, huyu mgeni anapiga alizeti au anaibembeleza ilale?"

Watu wakacheka. Rukia akaangusha fimbo, akaufunika uso kwa mtandio. Akasema mbele ya wote, "Mama, siwezi. Tangu siku ile sijapiga kitu kwa nguvu. Nikiinua gongo namwona Anjela amelala chini. Nimemwambia mwalimu nimeumia kiwiko. Sijaumia kiwiko. Nilikuja huku kumuaga, mimi siendelei tena."

Ndugu zangu, nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Msimu mzima nilikuwa namlilia Mungu, nifungue mimi, niponye mimi, ondoa hofu yangu mimi. Na kumbe chumba cha pili kulikuwa na mwenzangu amefungwa kwa kamba ileile, na sikumwombea hata siku moja, kwa sababu nilidhani yeye ndiye kamba. Moyo wangu uliniuma mpaka nikasahau naogopa. Nikavuka juu ya alizeti, nikamshika yule mkono wake wa kulia niliokuwa naukimbia, nikamwombea. Sikuomba kwa ajili yangu hata neno moja. Nilisema, "Bwana Yesu, mrudishie huyu dada yangu nguvu ulizompa. Mkono huu ni kazi ya vidole vyako. Mfungue." Niliomba kwa imani yangu, naye akasema amina kwa imani yake, na shangazi Ruthi akasema amina kwa sauti ambayo hata wa barabarani waliisikia.

Nikarudi upande wangu. Nikamwambia, "Rukia, piga."

"Nitakuumiza."

"Piga, bwana. Alizeti haitajipiga."

Akainua, akashusha. Makapi yakaruka mpaka usoni kwangu. Akainua tena, turubai likatikisika. Mama akasema "Eeh!" na wote wakaanza kuongeza kasi kumfuata. Tukapiga lundo lote, tukitokwa jasho, punje zikiruka kama mvua ya mawe. Tulipomaliza nikakaa chini, ndipo nikatambua. Sikuwa nimefumba macho. Fimbo yake ilishuka mbele yangu asubuhi nzima, na mimi nilikuwa namtazama tu. Sikumbuki ni lini ile hofu iliondoka. Bwana aliiondoa nikiwa nimeshughulika na mtu mwingine!

Nikamwambia haitoshi, alizeti si mpira. Jioni tukaenda uwanja wa shule na magongo mawili niliyokuja nayo, tukachora mstari wa goli kwenye vumbi. Nikavaa kinga ya uso, nikatoka mbio, naye akapiga kwa nguvu zake zote. Niliuona ule mpira tangu unatoka kwenye gongo lake mpaka unagonga langu. Niliuzuia! Tukarudia mpaka giza likatukataza, mimi nacheka, yeye analia, halafu mimi nalia, yeye anacheka. Nilimpigia mwalimu palepale uwanjani, bado nahema, nikamwambia, nakuja.

Namshukuru Mungu wangu. Namshukuru mama, ambaye bado ana hamu na hao washenga, na nina imani siku moja watakuja wa kweli. Na wewe uliyekaa hapa leo, una mtu unayemkwepa, ukimwona anakuja unabadili njia, nakusihi kwa upendo, leo usijiombee wewe. Taja jina lake mbele za Mungu, umwombee yeye. Hujui amebeba nini. Umtumaini Bwana katika hilo, uone kama atakuacha mikono mitupu. Mimi hakuniacha.

Kesho tunapanda basi, tunarudi kazini. Nasema "tunarudi" kwa sababu siendi peke yangu. Yuko pale benchi la tatu, kwenye mtandio wa kijani, pembeni ya shangazi Ruthi. Jana aliniambia, "Nitakuja kanisani kwenu nikusikilize, ila usinisimamishe." Mgeni wangu, leo utanisamehe. Rukia, simama.

Ndugu zangu, mtu niliyekuwa namwogopa ndiye huyu. Mpeni mkono.