Mgeni Aliyekaribisha Watu

Ndugu zangu, salamu mmeshapeana, kila mtu kwa dini yake, sitazirudia. Leo kikao chetu cha wazazi wa watoto wenye ulemavu kimefika kwangu, hapa Kasingirima, na mlipopiga hodi mmesikia aliyewajibu. Wengine mmetazamana, maana sauti ile hamkuizoea. Ni binti yangu, huyo hapo kwenye kiti cha mbao. Nataka niwaeleze kwa nini kazi ya kujibu hodi ni yake, na mnivumilie nikiangalia chini. Nina aibu, na sijaimaliza.

Mimi ni fundi cherehani, mnanijua. Mke wangu hutoka alfajiri kwenda Katonga, ziwani, kwenye dagaa, mimi nabaki nyumbani na nguo za watu. Binti yetu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Viungo vinakaza, shingo haitulii, na maneno yanatoka kwa shida, yanavutika. Lakini anaelewa kila kitu. Hilo nililijua mapema, na ndilo linalonisuta, kwa sababu nilimfundisha kitu nikijua kabisa kwamba ataelewa.

Nilimfundisha kunyamaza. Mteja mmoja alimsikia akicheka huko ndani, akauliza ni nini hicho, nikamwambia ni mbuzi. Ndiyo, nilisema mbuzi. Baada ya hapo nikaweka sheria: akisikia hodi, kimya, mpaka mtu aondoke. Nilimwekea kidole mdomoni, akaelewa haraka. Watu walikuja kupimwa nguo wakaondoka, naye yuko nyuma ya pazia kwenye mkeka, hata kukohoa hakohoi. Mke wangu aliniambia, "Mume wangu, mtoto huyu hatukumwiba." Nami nikamjibu, wewe unashinda Katonga, hujui macho ya watu.

Sasa, nina kisukari, nalo mnalijua. Asubuhi moja nilichoma sindano yangu, nikasema nimalizie kwanza sare za shule za watoto wa watu ndipo nile. Kazi ikaninogea. Sukari ikashuka: mara jasho, mara mikono inatetemeka. Nikajikokota kwenda kutafuta kitu cha kutia mdomoni, nikaishia mlangoni kwa binti yangu, nikaanguka na pazia lake. Nilikuwa naona na kusikia, ila ulimi ulikataa. Tukawa tumelala sakafuni wawili, tunatazamana.

Ndipo nikasikia, "Hodi, fundi. Mwakeye." Ni jirani yangu ananiamkia kwa Kiha, mama mtu mzima, tunaishi ukuta kwa ukuta. Nikamwangalia binti yangu. Akafumba mdomo. Alikuwa anatii sheria ya baba yake. Ikaja hodi ya pili, akauma kanga. Na sote tunajua, hodi ya tatu isipojibiwa, mstaarabu anageuka anakwenda zake. Ndugu zangu, nawaambia, nilijaribu kumwambia aseme, ikanitoka sauti ya kuvutika, ileile niliyoisingizia mbuzi. Hodi ya tatu ikaja. Binti yangu akanitazama, akaitema kanga, akaita kwa nguvu zake zote: "Kaiibu!"

Jirani akaingia. Akakimbilia jikoni, akakoroga sukari kwenye maji, akaninywesha kidogo kidogo mpaka nikaweza kukaa. Halafu akageuka, akamwona. "Na huyu?" Miaka yote ile, ukuta kwa ukuta. Na mimi, ulimi nimerudishiwa sasa hivi kwa sababu ya mtoto yule, neno la kwanza nililolitamka lilikuwa, "Mgeni. Mgeni wetu kutoka kijijini."

Yule mama hakunigombeza. Alimpangusa binti yangu mate kwa pindo la kanga, akasema taratibu, "Fundi, mgeni gani anakaribisha watu?"

Nililia pale pale sakafuni. Binti yangu alikuwa amesikia la kwangu na la jirani, na mpaka leo sijui ni lipi lililomkaa zaidi.

Jirani ndiye aliyetupeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, na afisa akatuelekeza kwenu. Mnakumbuka, siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango ili nikizidiwa nitoroke. Mmoja wenu alinionyesha kumlisha akiwa amekaa wima, maana alikuwa anapaliwa na chakula kila siku bila sisi kujua sababu. Mwingine akaniambia tumtengenezee kiti, nikachukua futi nimpime kwa ajili ya seremala. Nimepima nusu ya Ujiji, na mwanangu sikuwahi kumwekea futi hata siku moja. Shuleni walipotuambia hawana nafasi ya mtoto kama huyu, wamama watatu wa kikundi hiki walikaa kwenye benchi nje ya ofisi, wakasema watasubiri mpaka ipatikane. Ikapatikana. Sare yake nimeishona mwenyewe, na ile niliimaliza kabla ya zote.

Nawashukuru. Namshukuru jirani, yupo hapa, simtaji, anajijua. Namshukuru mke wangu aliyesema mapema nisimsikie. Kwa mzazi mpya aliyekaa pale mlangoni, ninapopajua vizuri, nina moja tu: mtoto wako anajifunza kwako jinsi ya kujiona. Mimi nilimfundisha wangu kwamba yeye ni wa kufichwa, akanielewa sawasawa. Sheria nimeifuta, lakini angalieni, akija mtu asiyemzoea, mkono wake bado unapanda mdomoni kwanza kabla hajajibu. Hapo ndipo aibu yangu inapokaa.

Nasikia kuna mtu nje anapiga hodi, amechelewa kikao. Tulieni, msimjibu. Mpeni binti yangu nafasi, mkono utashuka.