Kitambaa Kisichofumwa cha Bi Mwamvita

Wasikilizaji wapendwa, kilichoonekana kwanza kilikuwa kidogo kuliko ukucha. Kilikuwa kipande cha pamba, kimenata chini ya pasi ya mkaa.

Aliyekiona ni Siwema, msichana wa miaka kumi na minne. Siwema aliona mengi kwa sababu alizungumza machache. Siku hiyo alikaa barazani na shangazi yake, Bi Mwamvita, mshona magodoro. Bi Mwamvita alikuwa akipitisha uzi kwenye bonge la nta ya nyuki ili usikatike upesi. Chembe za nta zikadondoka juu ya pamba. Baadaye pasi ikapita juu yake. Kila penye chembe, pamba ilishikana, ikawa utando mwembamba, laini, mzima. Siwema alinyoosha kidole tu.

Shangazi akauvuta ule utando huku na huku. Haukuchanika. Akaumwagia maji. Maji yakapita, utando ukabaki.

"Mwanangu," alisema, "unaona unachokiona? Hapa hakuna uzi. Hakuna aliyefuma. Na kitambaa hiki hapa!"

Ulikuwa mwaka 1974. Leo, miaka mitano baadaye, tunamkumbuka Bi Mwamvita binti Saidi, aliyefariki Tabora wiki tatu zilizopita. Tunamkumbuka mama aliyetengeneza kitambaa kisichofumwa. Habari hizi ametuandikia Siwema mwenyewe, kwa penseli, kurasa kumi na moja za daftari.

Bi Mwamvita alizaliwa Tabora mjini, katika ukoo wa mafundi. Babu yake alishona mizigo ya wapagazi enzi za misafara. Majora ya marikani yalipita mlangoni kwao, vichwani mwa watu, kuelekea Ujiji. Bi Mwamvita alikuwa na neno lake juu ya hilo. "Tulikibeba kitambaa cha watu miaka mia," alisema. "Hakuna aliyetuuliza kama na sisi tunaweza kutengeneza."

Mumewe alipofariki, alihamia kijiji cha ujamaa upande wa Kwihara. Alikwenda na cherehani, pasi, na Siwema.

Kijiji kile kililima tumbaku. Wasikilizaji mnaolima mnajua miche ya tumbaku ilivyo laini. Ikichipua, jua la Oktoba haliihurumii. Hufunikwa kwa nyasi. Lakini mwaka ule moto ulikuwa umepita porini. Wanawake walitembea nusu siku kutafuta nyasi, na walipozipata zilikuja na mchwa.

Bi Mwamvita akatandaza pamba nyembamba juu ya mkeka, nyembamba kama moshi. Akanyunyiza nta iliyosagwa. Akapiga pasi. Akapata kitambaa chenye upana wa kanga na urefu wa hatua tatu. Kilipitisha mwanga na maji. Akakipeleka mbele ya kamati.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Masolwa, mtu wa Igunga, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikishika kwa vidole viwili.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "kitambaa hufumwa. Huu ni utando wa buibui."

"Buibui hajawahi kuomba kibali cha kamati," akajibu Bi Mwamvita. "Mimi nimekuja kuomba. Nipeni tuta moja."

Watu wakacheka. Masolwa naye akacheka, kisha akanuna kwa kuwa amecheka. Bi Mwamvita akapewa tuta moja, dogo, pembeni. Matuta mengine yote yakafunikwa nyasi.

Siku kumi miche ilikwenda vizuri. Ilikuwa ya kijani chini ya kitambaa, imejaa kama manyoya ya kifaranga. Siku ya kumi na moja Bi Mwamvita alipanda lori kwenda Nzega kutafuta pamba zaidi. Akamwachia Siwema zamu ya kitaluni.

Aliporudi kesho yake, kitambaa kilikuwa mahali pake, kimetandazwa sawasawa. Chini yake miche yote imeungua. Matuta ya nyasi yalikuwa salama. Lake tu ndilo lililokufa.

Mkutano uliitishwa siku hiyohiyo.

"Nta imeyeyuka, imekaanga miche!" alisema Masolwa. "Mbegu za kijiji hizi! Kuanzia leo ni nyasi. Pasi hiyo iende stoo. Na asiyekubali, barabara ya mjini anaijua."

Bi Mwamvita alikuwa amekiokota kitambaa chake. Alikiangalia mbele na nyuma. Nta ilikuwa palepale, ngumu, haikuyeyuka. Akakisogeza puani. Akakinusa muda mrefu kidogo. Halafu akakikunja, mara mbili, mara nne, akakitia kwapani. Siwema alisimama nyuma yake, anatazama vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Kosa ni la nyumba yangu," alisema Bi Mwamvita. "Lakini kitambaa hakina kosa. Nitapanda upya, na nitafunika tena."

"Hujasikia? Nimesema nyasi!"

"Nimesikia, Mwenyekiti. Miche ikifa tena, nitafunga mizigo mwenyewe, hutapata taabu ya kunifukuza. Lakini kesho nafunika."

Wasikilizaji wapendwa, mama huyu hakuwa na shamba mjini. Hakuwa na mume. Kijiji kile ndicho kilichokuwa kwake. Naye alikiweka chote juu ya tuta moja.

Pasi ikachukuliwa. Asubuhi yake akajaza makaa kwenye sufuria, akapigia pasi kwa kitako cha sufuria. Wala hakujificha. Alitandika mkeka wake mbele ya ofisi ya kijiji, watu wanapita, wanaona.

"Shikamoo, Bi Mwamvita. Bado tu?"

"Marahaba. Bado, na kesho bado."

Akapanda upya, akafunika. Safari hii alilinda mwenyewe, mchana na jioni, mpaka miche ikashika. Mapema Novemba ikaja mvua ya mawe. Ilipiga muda mfupi tu. Nyasi zilisombwa, matuta yakabaki uchi, miche imelala kwenye tope. Kitambaa cha Bi Mwamvita kilikuwa kimefungwa kwa vigingi pembe zote. Kililegea, kikabeba mawe ya barafu kama chandarua. Chini yake miche ilisimama.

Mzee Masolwa alikuja kitaluni. Alichuchumaa. Akainua pembe moja ya kitambaa kwa kidole, akairudisha. Hakuomba radhi, na Bi Mwamvita hakumngojea aombe. Lakini jioni ile mzee alileta pasi mwenyewe, kutoka stoo, akiwa ameijaza makaa tayari yamewaka.

Msimu uliofuata matuta yote yalifunikwa kitambaa kisichofumwa. Wanawake wakakipeleka mbali zaidi. Walichujia asali. Walifungia mdomo na pua wakati wa kupanga tumbaku kavu. Dukani nguo zilipoadimika, walilazia watoto wachanga. Mke wa Masolwa alikuja kwa mlango wa uani kuomba kipande. "Pita mbele, dada," akaambiwa. "Huku ni jikoni."

Na kila alipoulizwa nani aligundua, Bi Mwamvita alijibu hivyohivyo. "Ni huyu Siwema. Mimi niliona pamba. Yeye aliona kitambaa." Siwema akiyasikia, aliinuka akaenda kuteka maji.

Kwa familia ya Bi Mwamvita, kwa ndugu wa Tabora mjini na majirani wa Kwihara, tunatoa pole. Mungu amrehemu. Nasi tuliobaki, tujiulize ni mara ngapi tumekubali kitu kihukumiwe, au mtu, huku ukweli tunaujua na tumenyamaza.

Tunauliza hivyo kwa sababu ya ukurasa wa kumi na moja. Siwema aliuguza shangazi yake miezi miwili. Kila jioni alifungua mdomo, kisha akauliza kama anataka maji. Sasa ametuomba tuusome ukurasa huo kama ulivyo.

"Shangazi, siku uliyokwenda Nzega ilikuwa harusi ya Batuli mjini. Kanga yangu ilikuwa na viraka. Nilimwagilia alfajiri, nikakivua kitambaa kwenye tuta, nikajitanda kichwani, nikaenda. Watu waliniuliza nimekipata wapi. Sijawahi kutazamwa vile. Niliporudi alasiri, miche ilikuwa imekufa kwa jua. Nikaifunika. Pale mkutanoni ulinusa udi wa harusi, ukajua, ukakikunja kitambaa upesi ili mtu mwingine asiunuse. Hukuniuliza miaka mitano. Ni mimi, shangazi. Mimi ndiye niliyefunua."