Mkeka wa Mjomba Wenu

Sikilizeni wanangu, nawe Rotia zima hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na mtu.

Mficha uchi hazai, nami wangu nimeuficha miaka kumi na tisa. Mmekua mkiambiwa kwamba mjomba wenu Uriam ndiye aliyetuuza kwenye ule mkutano wa hali ya hewa. Kijiji kiliamini, kikamnyang'anya mkeka wake katika maneaba, mahali walipoketi babu zake tangu ukumbi ule uezekwe mara ya kwanza, akafia mjini Tarawa akila mkate wa kununua, na mama yenu, dada yake wa tumbo moja, hakwenda kumzika. Uongo ule ni wangu.

Tulikwenda wawili tu, mimi naye. Wakubwa walikuja na watu mia mia, na wakigombana wao kwa wao nani aanze kupunguza moshi, wanaolowa ni sisi wa visiwani. Mkuu mmoja wa ujumbe wao alinikumbatia kila asubuhi, "Rafiki yangu, tuko pamoja!" Pamoja! Asubuhi ya mwisho mwenyekiti alisoma maandishi mapya, na aya yetu, ile ya kuwafunga wapunguze moshi kabla ya mwaka uliotajwa, haimo. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nikafanya afanyavyo mzee wa kwetu anapokataa: nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa mzee akinyamaza shauri limekwama, na hakuna wa kuinuka mpaka abembelezwe.

Uriam akanivuta shati. "Shemeji, inua kibao cha jina la nchi, upinge! Hawa kimya kwao ni ndiyo!"

"Tulia wewe. Leo unanifundisha adabu?" Nikakikalia kile kibao, asije akakiinua yeye. Nyundo ikagongwa, ukumbi mzima ukapiga makofi, na yule rafiki yangu akaja kunikumbatia tena.

Tuliporudi wazee waliuliza kibao kilikuwa kwa nani. Nikasema, kwa Uriam. Basi. Naye akanitazama, akamtazama dada yake, akaondoka.

Leo mashimo yetu ya kulimia babai, chakula cha babu zenu, yameingia chumvi, majani yamekuwa manjano, na mawimbi yanafukua makaburi yao. Wale wakubwa nina uchungu nao, nitazikwa nao, sitawasamehe hata mkinisihi. Lakini Uriam hakuwa mkubwa wa mtu, na niliyemfanyia yale ni mimi, si wao.

Basi shikeni haya. Tioti, lile shimo la upande wa kanisani, lenye maji matamu bado, ni la wana wa Uriam. Najua, ndilo pekee lililobaki. Jumamosi ingieni maneaba, semeni yote haya mbele ya watu, muwakalishe kwenye mkeka wa baba yao, nanyi mkae nyuma. Rotia, mwaka huu unakwenda wewe mkutanoni. Kibao kishike mkononi, na ukikataa, kataa kwa sauti mpaka wakuchukie. Mimi nizikeni upande wa bahari, mbele ya wazee wangu, wimbi likija lianze na mimi.

Nisogezee maji... Ahsante.

Afya, amani na neema viwe juu yenu, nyinyi na watoto wenu, popote mtakapopata... pakavu. Nimemaliza. Mmekubali? Rotia, nimekusikia, mama. Tioti?... Tioti, mbona umeinamisha kichwa, mwanangu?