Misimu Mitatu Aliyoiomba Emily Mwongeli

Habari za kuzaliwa kwake zilisimuliwa kwanza na mama yake, marehemu Nzilani, tarehe 14 Desemba 1985, siku ya mahari, nami Ndanu, wifi yake, nikaziandika.

Emily Mwongeli alizaliwa tarehe 3 Mei 1963 huko Konza, akasoma hukohuko hadi darasa la saba, akamaliza kidato cha nne mjini Machakos mwaka wa 1981, kisha akawa karani wa kiwanda cha mafuta ya kupikia huko Athi River hadi kilipofungwa mwaka wa 2010. Alifunga ndoa kanisani na kaka yangu, marehemu Ndunda Musau, tarehe 12 Aprili 1986, wakajaliwa Linet, Kitonga na Katunge.

Tarehe 22 Januari 2011 familia ilikutana na kuamua kuuza ekari hii ya Katelembo, kwa kuwa udongo ulikuwa umechoka na mahindi hayakujaza hata debe, lakini Mwongeli akasimama akaomba misimu mitatu tu, apande alizeti, akapewa.

Msimu wa kwanza, kwa hamu yake, alitia mbolea ya CAN mara mbili, mashina yakapita paa la nyumba, wapita njia wakasimama kuyatazama, na mbegu zilipofika kwenye mashine ya kukamua, mwenye mashine, Laban Musyoka, akamwuliza mbele ya watu, "Mama Linet, umeniletea mbegu ama maganda?" naye akajibu, "Ni maganda, lakini ngoja, utanitafutia pipa!"

Akapeleka udongo kupimwa, akaambiwa CAN iliyozidi hukuza majani na kupunguza mafuta, na kwamba shamba lilikosa samadi na salfa. Msimu wa pili akapunguza CAN, akatia samadi na salfa kabla ya kupanda, mavuno yakawa ya wastani, na mabua hakuyachoma, aliyakatakata akayarudisha ardhini.

Tarehe 8 Agosti 2012, msimu wa tatu, vichwa vilikuwa vimeinama kwa uzito, tukajaza magunia kumi na mawili, kilo nne za mbegu zikatoa lita nzima, mafuta mazuri, mang'avu, yakamiminika hata Musyoka akaishiwa na vyombo, nasi tukakimbia nyumba kwa nyumba kuomba mitungi, vigelegele vikipigwa njia nzima! Shamba halikuuzwa.

Aliugua saratani ya umio tangu Septemba 2023, akaaga dunia tarehe 11 Februari 2025, akiwa na miaka sitini na mmoja, miezi tisa na siku nane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliovuna alizeti yake akiwa kitandani, na akina mama wa kikundi chake. Mwongeli, pumzika sasa kwa amani katika udongo ulioulisha.

Kati ya sisi saba tuliokaa katika mkutano ule wa Januari 2011, tulio hai ni wawili, shemeji yake Mutinda na mimi, na sote wawili tulikuwa tumeinua mkono shamba liuzwe.