Gitari wa Nkubu Hakuwa Mbioni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama kuna sufuria jikoni, punguza moto, maana habari ya leo haitaki haraka. Leo tunamkumbuka Gitari wa Nkubu, dereva wa pikapu ya miraa, aliyefariki mwezi uliopita kwenye mteremko wa mto Thuci, akielekea Embu. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Ameacha mke, Kiende, na kijana wao Munene, anayesoma shule ya Kaaga.

Mkisikia sauti hii imekauka leo, si mafua. Ni hasira.

Dereva wa miraa akifa, nani huuliza amekufaje? Watu wana neno moja: mbio. Sokoni, mbio. Kanisani, mbio. Kesi imekwisha kabla jeneza halijapimwa. Na redio hii hii, wasikilizaji, jioni ya siku ile ilisoma kwamba dereva alikuwa kwenye mwendo wa kasi. Hakuna hapa aliyeuliza. Kiende alikuwa ameshaambiwa kwamba mumewe amekufa. Redio ikamwongezea kwamba alijiua mwenyewe.

Basi msikilizeni Gitari alivyokuwa.

Madereva wenzake walimwita Pasta. Si kwamba alihubiri. Kila alipofika mwisho wa safari, alikuwa anakaa ndani ya gari dakika mbili, injini ikinguruma polepole, mikono juu ya usukani, ndipo azime. Wenzake walisema anaombea mzigo. Walimwuliza kama amefika zaburi ya ngapi. Gitari hakuwa anaomba. Pikapu ile ilikuwa na tabo, kile kifaa kama konokono kinachoisukumia injini hewa ili ipate nguvu ya mlima. Tabo huzunguka kwa kasi ya ajabu na hushika moto mkali, na oili ndiyo huipoza. Ukizima ghafla, oili inasimama palepale, inaungua kama mafuta kwenye kikaango kilichosahaulika. Dakika mbili tu. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake.

Asubuhi alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kitambaa, akarudisha, akachomoa tena. Kiende anasema, "Oili alikuwa anainusa kama mimi ninavyonusa maziwa."

Sasa kuna jambo ambalo mtu asiyejua biashara ya miraa hataliamini. Tabo ina filimbi yake, sauti nyembamba gari likipanda mlima. Kule Embu, wachuuzi humtambua mwenye mzigo kwa filimbi ya gari lake. Wakiisikia inakata kona, wanainuka na vikapu vyao. Kwa hiyo filimbi ni kengele ya duka. Mbae, mwenye ile pikapu, aliipenda filimbi yake kuliko jina alilobatizwa nalo. Akaona haitoshi. Akaamuru kichujio cha hewa kitolewe, ili gari lisikike mbali zaidi. Nalo kweli likasikika. Vumbi lote la barabara likaingia ndani, likaanza kula chuma.

Gitari alimwambia. Aliambiwa aendeshe.

Haikupita miezi mitatu, sauti ikabadilika. Haikuwa filimbi tena. Ilikuwa kilio, kama king'ora kinachoanza mbali. Mlimani gari likatoa moshi wa buluu. Kijiti cha oili, kilichokuwa kinalowa hadi alama ya juu, kikawa kinatoka kikavu. Jumanne moja Gitari akalipeleka kwa Mzee Duale, fundi wa Meru mjini, ambaye baba yake alifika Meru akiendesha malori na hakuondoka. Duale hana haraka na chuma. Aliweka bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho. Kisha akafungua bomba la hewa, akaingiza kidole. Kikatoka kinadondoka oili: tabo ilikuwa inavuja, na injini inaichoma oili hiyo kama dizeli.

Alisema hivi: "Gari yako inakunywa damu yake. Siku moja itakunywa mpaka ilewe. Utazima ufunguo, na haitazima. Niachie siku mbili."

Siku mbili, wasikilizaji. Siku mbili tu.

Gitari akampigia Mbae simu, Mbae akaja mwenyewe. Alimsikiliza Duale huku akiangalia saa. Kisha akasema miraa hailali, ikilala inanyauka, na akauliza kama Duale anataka ahamishe mzigo kwa kichwa.

"Kwa kichwa ni afadhali," Duale akamjibu.

Mbae akacheka. "Mzee, sasa nasikika mpaka Chuka. Wewe unataka kuninyamazisha?" Akamgeukia Gitari. "Pasta, ongeza oili uende. Kama unaogopa, hizo funguo zina watu wengi wanaozingoja."

Gitari alisimama pale akiangalia funguo mkononi. Karo ya Munene ilikuwa inangoja. Akaongeza oili, akaenda. Nyumbani alimwambia Kiende atamaliza wiki, Jumamosi atarudisha funguo, atafute gari lingine hata la kubeba mchanga. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alikufa Alhamisi.

Alhamisi, saa nane mchana, jua kali. Susan huuza ndizi kando ya ule mteremko, na siku hiyo akina mama walikuwa wameanika mahindi ukingoni mwa lami, kama kawaida. Anasema alisikia kwanza, kabla ya kuona. Gari lilikuwa linapiga kelele kama mnyama. Likatokea kwenye kona na wingu la moshi limefunika barabara nyuma yake. Taa za breki zilikuwa zinawaka, magurudumu yananuka kuungua. Gitari alikuwa anapiga honi, mkono mmoja nje ya dirisha, akiwafukuza watu waondoke kwenye mahindi.

"Aliniangalia," Susan anasema. "Mtu wa mbio hakuangalii."

Kushoto walikuwa akina mama. Kulia ulikuwa ukuta wa udongo, pale mlima ulipokatwa. Gitari alikata kulia.

Na sikilizeni hili. Susan alipofika, Gitari alikuwa ameshatulia. Gari halikuwa limetulia. Lilikuwa bado linanguruma lenyewe, kwa nguvu zake zote, dereva amekufa ndani, mpaka oili ikaisha na injini ikakwama.

Baada ya siku tatu Kiende alikwenda na Duale pale gari lilipovutwa. Duale akaangalia ndani, akamwita. Ufunguo ulikuwa umezungushwa hadi mwisho, upande wa kuzima. Gitari alikuwa amezima gari. Gari lilikataa. Duale akafungua tabo, akashika mhimili wake kwa vidole viwili. Ukacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kiende akamwomba aendelee kuushika hivyo, akaupiga picha.

Siku ya mazishi Mbae alileta hema na viti. Akapewa kipaza sauti. Akasema Gitari alikuwa kama ndugu, akasema ajali haina kinga wala kafara.

Hii ilikuwa na kinga, wasikilizaji. Kinga yake ilikuwa siku mbili kwa Duale.

Kiende akasimama mbele ya jeneza. "Bwana Mbae, Mzee Duale alikuambia nini siku ile?"

Mbae akasema kwamba si mahali pake pa kuzungumza hayo.

"Ni hapa," Kiende akasema. "Mwenye habari ndiye huyu aliyelala."

Mbae akarudisha kipaza sauti kwa mchungaji, akaketi kwenye kiti alichokileta mwenyewe. Ripoti ya ajali bado inasema mbio.

Kwa Kiende, kwa Munene, kwa jamaa wote wa Nkubu, poleni sana. Hatuna neno la kurudisha mtu. Na wewe unayesikiliza ukiwa na gari, lako au la kuajiriwa, hebu jiulize ni sauti gani umeizoea kwa sababu ukikubali kuisikia itakubidi utoe pesa. Wewe mwenye gari, fundi akikuambia siku mbili, mpe. Wewe uliyekuwa na neno lako la mbio mdomoni, limeze.

Wiki iliyopita Kiende alikuja hapa studio. Tulimwuliza apigiwe wimbo gani. Akakataa wimbo. Alisema, "Mlisema hapa. Semeni hapa."

Tunasema. Redio hii ilisoma jambo ambalo haikuliuliza, na jambo hilo halikuwa kweli. Gitari wa Nkubu hakuwa mbioni. Gitari alikuwa anajaribu kusimamisha gari ambalo Mbae alikuwa ameshaambiwa halitasimama.

Mama Munene, tumesema.