Mbuzi Wanane wa Daktari Kiogora

Kaeni chini, Peninah na Nyamu, na yule anayekoroga uji aache kwanza, kwa sababu maneno ninayotaka kuyatoa ni mazito na pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia. Mimi Mutegi, baba yenu, niliyeacha shule darasa la saba na bado nikafanya kazi na watu wa digrii tatu tatu, nawaachia boma hili, mizinga kumi na minne iliyo kule mtoni, na hasira. Boma gawaneni bila kelele. Mizinga ni ya Peninah, kwa kuwa Nyamu anaogopa nyuki na anasingizia moshi. Hasira ni ya wote wawili, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mwaka wa themanini na sita alikuja hapa Kiambere kijana mmoja wa Kiirua, kule Meru, Salesio Kiogora, akisomea udaktari usiotibu mtu, ule wa uchumi. Alitaka kujua kwa nini watu wa nchi kame ni maskini. Akatafuta karani anayejua Kimbeere na Kiswahili na aliye na miguu ya kutembea, na niambieni, angempata nani mwingine? Nilizunguka maboma mia mbili kwa wiki tatu, fomu zake za maswali mia moja na kumi na manne zikiwa kichwani kama mzigo wa kuni. Siku moja nyati akanizibia njia, nikamsomea kutoka swali la kwanza mpaka la tisa, akaona afadhali aende zake. Msicheke. Muulizeni mama yenu Virginia, alikuwa msichana akichota maji, alimwona nyati yule.

Sasa sikieni kosa lilipo. Swali la thelathini liliuliza una mbuzi wangapi. Mnajua kwetu mtu hataji kwa mdomo idadi ya mifugo yake wala ya watoto wake, maana ukiitaja umeita kifo kije kupunguza. Sisi mbuzi tunamjua kwa uso. Jioni tunajua nani hajarudi, hatujui wamerudi wangapi. Kwa hiyo kila mzee aliniambia wawili, watatu, huku nyuma yake zizi linapiga kelele mpaka hatusikilizani. Naftaly, jirani yetu, alisema hana hata mmoja, na mmoja alikuwa anatafuna fomu yangu. Nikaandika hana. Na kwa boma letu, ambamo babu yenu alikuwa na mbuzi wa kufunika kilima, niliandika wanane kwa mkono wangu huu, nikatia sahihi.

Daktari akaenda ng'ambo na karatasi zake, akarudi na jina. Kitabu chake kikasema watu wa Kiambere hawana mifugo ya maana, na kwamba mteremko wa Kamuthanga, malisho yetu sote, ni ardhi iliyolala bure. Miaka mitatu baadaye kampuni ya pamba ikaja na kitabu hicho mkononi, ikapewa mteremko kwa miaka thelathini na mitatu, ikaweka waya. Kiangazi kilichofuata mbuzi wakafa wameegemea waya ule wakiangalia nyasi, wale walioandikwa na wale waliofichwa, wote. Babu yenu aliwachinja wa mwisho akilia, na hakunisemesha tena mpaka tukamzika. Naftaly hadi leo ananiita karani wa njaa, yeye aliyesema hana hata mmoja.

Nilimtafuta Kiogora. Nilimpata Embu mjini, hotelini, anakula nyama ya mbuzi, naapa. Nikamuuliza mbele ya wageni wake.

"Daktari, wewe umezaliwa Kiirua. Mama yako aliwahi kukutajia idadi ya kondoo wake?"

"Hapana," akasema. "Hata ya watoto wake."

"Basi ulijua tunakudanganya."

Akapangusa vidole. "Mutegi, sikutumwa kuandika ninachojua. Niliandika nilichoambiwa. Na aliyeniambia ni wewe."

Wanangu, mimi sijawahi kushindwa kwa maneno, hata na wakili, ila siku ile nilishindwa, nikatoka nje. Namchukia kwa sababu alijua. Najichukia kwa sababu nami nilijua.

Sasa ile miaka thelathini na mitatu imekwisha. Kamati ya ardhi itaamua kama Kamuthanga inarudi kwetu au pamba inaongezewa miaka, na aliyepewa kazi ya kuwaletea idadi ya mifugo ni huyo huyo Kiogora, profesa sasa, mvi tupu. Makarani wake, watoto wa kuandikia kwenye simu, wanafika Jumanne. Jumanne mimi sitakuwepo.

Kwa hiyo niliwahesabu mbuzi wetu, hawa tulioanza nao upya baada ya waya. Mwezi wa pili nilisimama kwenye mlango wa zizi, nikawataja mmoja mmoja walipokuwa wanatoka. Mwezi wa tatu miguu ikaanza kuvimba, na najua yanayonong'onwa huko nje, najua hata wewe Nyamu umemwambia mama yako kwamba idadi ndiyo inayoniua. Daktari wa hospitali, yule wa kutibu, alisema figo ziliharibika miaka sita iliyopita. Figo, Nyamu. Figo hazijui kuhesabu.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Wakija, msiwaambie wawili. Msiwaambie wapo tu. Naftaly ataogopa, Peninah, kaa naye mpaka amalize kutaja wake, mwambie nimeomba mimi, karani wake. Mnizike karibu na zizi, bila hotuba ndefu.

Sogeeni niwatemee mate ya baraka kifuani, jambo ambalo baba yangu alininyima. Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape wazao, awape... mifugo ya kujaza mteremko ule. Nina watoto wawili. Mmesikia? Nimewataja kwa mdomo wangu, na bado mnapumua.

Mbuzi ni sitini na saba. Sasa nanyi, nisikie kabla... Nyamu, wewe kwanza. Wangapi?