Na Ndama Akizaliwa Hasikii?

Sauti ilikuja usiku wa manane, mbingu bado nyeupe kama ilivyo kawaida ya Julai huku kaskazini kwenye barafu, kwanza mluzi, halafu kama bawaba iliyokosa mafuta, halafu kama ndege mia ndani ya debe moja, na mbwa wa kijiji kizima wakalipuka kubweka, nikajua nyangumi weupe wameingia mdomoni mwa mto. Niliruka kitandani. Mwanangu Inukpuk, miezi saba, alikuwa macho anachezea vidole vya miguu, hakugeuza hata shingo. Nikapiga makofi nyuma yake. Nikaangusha sufuria makusudi. Hakugeuka. Sikulala tena, na asubuhi nikambeba mgongoni, ndani ya kofia pana ya koti langu, mbeleko ya huku kwetu, nikatoka tu bila kujua naenda wapi, miguu ikanifikisha kwenye benchi la mbele ya duka. Siku kama ile watu hukaa pale na chupa ya kahawa, kwa sababu nyangumi wakiingia hakuna anayewasha injini ya mashua kwenda kuwawinda mpaka watulie na kuanza kujisugua kwenye kokoto, na mpaka hapo ni mwiko kuwasema vibaya. Wanasikia. Basi kazi inabaki moja, kuwasifu.

Walikuwepo watatu. Redio, anayesoma matangazo ya kijiji hewani na asiyejua kunyamaza hata akitoka studio. Injini, fundi wa mashua, ambaye kwake kila kiumbe kina plagi. Na Bibi Alasi, ambaye mwanangu amepewa jina la marehemu baba yake, kwa hiyo kwake huyu si mjukuu, ni baba.

Bibi Alasi (kutoka nyuma yangu): Shikamoo baba! Umeamkaje?

Mtoto kimya, anatazama kunguru juu ya paa.

Bibi Alasi: Haya, leo baba kaninunia.

Nikageuka, nikajifanya natazama mto.

Injini: Keti, Mama Inukpuk, kahawa ipo. Nilikuwa namwambia huyu, yule mnyama hana pezi la mgongoni, unajua kwa nini? Angekuwa nalo lingekwama kwenye barafu. Kaumbwa apite chini yake kama droo kwenye kabati.

Redio: Hilo nani halijui? Sema shingo! Samaki gani anageuza shingo akakukazia macho, “We fundi, unatafuta nini huku?”

Bibi Alasi: Si samaki, we mtoto. Ananyonyesha.

Redio: Tena karibu miaka miwili, bibi! Haba na haba hujaza kibaba.

Injini: Sasa hiyo imeingiaje hapo?

Redio: Kibaba cha maziwa, bwana. Kwani we umesoma wapi?

Bibi Alasi: Na hawaachiani watoto ovyo. Mama akizama kutafuta chakula, mwenzake anabaki na ndama. Ndama wa kijivu kama jiwe la mtoni, anang'aa polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku unamwona mweupe pe, mtu mzima.

Redio: Halafu wanakuja mtoni kwenye maji ya uvuguvugu kubambua ngozi kuukuu. Mwanamke gani hapa hapendi maji moto na jiwe la kujisugua?

Bibi Alasi: Mtaje mkeo. Wengine tuache.

Injini: Ngoja niwape kubwa. Lile paji la uso, lile bonge laini, ni taa. Taa ya sauti! Anatoa mlio, unagonga kitu, unarudi, anajua kama ni mwamba, samaki, au propela yangu.

Redio: Propela yako hata kiziwi anaijua, inakohoa.

Injini: Anasikia moyo wako ukidunda ndani ya mashua!

Redio: Moyo tu? Anajua mpaka ulichokula! Mmoja aliibuka ubavuni kwa mjomba wangu, akapumua mara moja, akazama hakurudi. Mjomba alikuwa amekula maharage ya kopo.

Bibi Alasi: Redio, punguza kamba.

Redio: Nipunguze nini? Akipiga chafya mmoja huko Greenland, hawa wa hapa wanasema “afya!” Na masikio yenyewe hawana!

Mimi: Hawana?

Injini: Wana vitundu viwili nyuma ya macho, vidogo kama umechoma na sindano. Lakini sauti haipiti huko. Inapita kwenye taya la chini. Limejaa mafuta, na mafuta ndiyo yanayoisafirisha mpaka ndani. Nimepasua mwenyewe, nimeona.

Redio: Ndiyo maana wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa.

Haikuwa na maana yoyote, methali zake hazinaga, wakacheka wote, lakini mimi maneno yakanitoka, sikuyapanga, yalitoka yote kwa pamoja.

Mimi: Na ndama akizaliwa hasikii? Kule chini giza, juu barafu, mama anamwita, anamwita, na yeye hajui hata kama anaitwa. Mama anajuaje? Anafanya nini?

Bibi Alasi alikuwa anamtazama mwanangu.

Kisha Injini akainuka taratibu, akatoa spana mfukoni, akazunguka nyuma yangu, akaligonga pipa tupu la mafuta, ngoo! Mbwa aliyelala chini ya ngazi akaruka. Mgongoni kwangu uzito uleule, utulivu uleule.

Injini: Mama Inukpuk… nani mwingine anajua?

Mimi: Hakuna. Baba yake yuko mgodini, sijamwambia. Nesi sijamwambia, nesi akijua atampandisha ndege wampeleke kusini, kwenye hospitali kubwa za mjini, wamweke huko, asahau harufu yangu, na mimi nitabaki na nini, nitabaki na koti tupu?

Bibi Alasi: Nipe baba yangu.

Akamtoa kofiani, akamkumbatia, akabandika taya lake la kizee kwenye shavu la mtoto, akaanza kumwimbia kawimbo kake, kale alikomtungia siku aliyozaliwa, kasikokuwa ka mtu mwingine yeyote duniani: we mwenye teke, we kababa kangu, umerudi na miguu mipya. Aliimba chinichini, kooni. Mtoto akaacha kurusha miguu. Akatulia tuli. Halafu akaweka kiganja kwenye koo la bibi, akacheka mpaka mate yakamtoka.

Redio: Anasikia!

Injini: Au anahisi mtetemo. Mimi sijui.

Bibi Alasi: Hata mimi sijui. Najua ndama huogelea ubavuni kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na maji anayosukuma mama ndiyo yanayombeba. Lakini kupima anajua nesi. Tunakwenda leo hii, Mama Inukpuk. Ndege ikimchukua itanichukua na mimi, siwezi kumwacha baba yangu aende kusini bila mtu wa kumwimbia.

Nikalia, wala sikuficha. Injini akanimiminia kahawa iliyobaki, chupa ikakauka. Redio akasogea kwenye benchi mpaka karibu yangu, mtu ambaye adhuhuri sauti yake iko katika kila jiko la kijiji, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

— Mchana natangaza nyangumi tu, mwanangu. Hili la Inukpuk limeishia kwetu. Simwambii mtu mwingine, hata mke wangu.